Rangi Inayouzika

Gari jekundu liliwekwa langoni mwa yadi kwa makusudi. Kazi yake ilikuwa kuwasimamisha wapita njia, si kuuzwa. Wafanyakazi walilipachika jina la Bibi Harusi, kwa sababu kila aliyeingia alilizunguka, akaligusa, akatabasamu, kisha akaenda kununua jingine. Nyuma yake yalipangwa magari meupe, safu kwa safu, na baada ya hayo yale ya kijivu na ya fedha. Hayo ndiyo yaliyoilisha yadi.

Muuzaji wa yadi hiyo aliitwa Maziwa. Jina hilo alipewa na wenzake kwa kuwa mteja aliweza kuingia akitaka rangi yoyote ile duniani, naye akamtoa na gari jeupe. Alikuwa mtu mzima mwenye mvi, shati lake limepigwa pasi, sauti yake haipandi. Asubuhi ile alisimama kando ya Bibi Harusi pamoja na mume na mke waliokuja kununua gari lao la kwanza.

"Mimi nimeipenda hii," mke alisema.

"Kuipenda ni haki yako, mama," Maziwa alijibu. "Lakini siku utakapotaka kuiuza, itakubidi umtafute mtu mwenye mapenzi kama yako, na watu hao ni wachache. Nyeupe haimtafuti mtu. Juani haipati moto kama nyeusi, vumbi halionekani haraka, na ikikwaruzwa, hakuna fundi asiyekuwa na rangi yake."

"Umesikia?" mume alimwambia mkewe.

"Nimesikia. Yaani tunanunua gari kwa ajili ya mtu atakayelinunua kwetu?"

"Wote wananunua hivyo, mama."

Mke alicheka kidogo, akauondoa mkono wake juu ya boneti. Kabla ya adhuhuri walikuwa wamekwisha kulipia gari jeupe.

Ndivyo ilivyokuwa siku zote. Mwagizaji aliagiza meupe kwa kuwa yadi ziliyataka. Yadi ziliyataka kwa kuwa wanunuzi waliyachukua. Wanunuzi waliyachukua kwa kuwa ndiyo waliyoyaona barabarani. Hapakuwa na aliyeipenda rangi hiyo. Kila mmoja aliamini tu kwamba mwenzake anaipenda. Hata magari yenye rangi hafifu zisizo na jina, za mawingu, za pembe, za maji ya sabuni, yaliandikwa kuwa meupe tangu kwenye kadi zake za usajili. Mwenye yadi, ambaye wote walimwita Tajiri, alikuwa ameweka kanuni: rangi ambayo mteja hawezi kuitaja kwa neno moja, hiyo ni nyeupe. Maziwa aliishika kanuni hiyo kwa miaka mingi, hata macho yake nayo yakaishika.

"Maziwa, umemkamua mwingine," muosha magari alimtania huku akisuuza kitambaa.

"Amejikamua mwenyewe," alijibu bila kucheka, akapita kwenda ofisini.

Tajiri alikuwa akitazama simu.

"Naomba ruhusa ya mchana, Tajiri. Kituoni wanataka kulifunga jalada la binti yangu. Wanamtaka mwenyewe aende akatie saini."

"Polisi tena? Wamepata nini tangu wakati ule?"

"Hawakupata kitu."

"Sasa wewe unakwenda kupata nini?" Tajiri hakuinua macho. "Haya, nenda. Jumapili utakuja kufidia."

*

Binti yake alikuwa fundi cherehani. Aligongwa kando ya barabara akiwa amebeba furushi la vitambaa, na gari lililomgonga halikusimama. Mguu wake wa kulia, ambao ndio uliokuwa ukikanyaga cherehani, uliunga vibaya. Daktari alieleza kwamba ni lazima ufunguliwe upya na kutiwa chuma, na kwamba bima ya gari lile ingelipia yote, ikiwa gari lenyewe litajulikana. Lisipojulikana, familia itafute njia yake. Familia haikuwa na njia. Cherehani ilifunikwa shuka pembeni mwa chumba, na kidogo kidogo ikageuka kuwa meza ya kuwekea vyombo.

Mchana ule mama yake alikuwa amepiga magoti sakafuni, akijaribu kumvisha kiatu.

"Usiukaze."

"Siukazi, Mama. Huo mguu hausikii tena la mtu."

Maziwa aliingia, akasimama mlangoni. "Mko tayari?"

"Tayari kwa lipi, Baba? Kwenda kutia saini kwamba sikugongwa?"

"Kwamba gari halikupatikana."

"Ni kitu kimoja."

"Mjibu baba yako vizuri," mama alisema, bila kuinua kichwa kutoka kwenye kiatu.

"Nimemjibu vizuri. Ningemjibu vibaya ungejua."

Hakuna aliyekasirika. Katika nyumba ile watu walikuwa wamejifunza kuuzungumzia mguu kama wanavyolizungumzia paa linalovuja: kwa sauti ya kawaida, na bila kutazama juu. Mama alifunga kamba za kiatu, akavifuta vidole vyake kwenye nguo. Akampa bintiye magongo, kisha akamsogelea mumewe na kumtilia mfukoni nauli ya teksi.

"Mrudi kwa teksi vilevile," alisema. "Nauli ya kurudi nimeitoa kwenye pesa ya sabuni."

*

Kituoni benchi lilikuwa limejaa. Binti alisimama ukutani, akiegemea magongo yake, mpaka afisa wa jalada alipochungulia kutoka kwenye chumba cha ndani.

"Wa mguu yuko wapi?"

Watu wote wa kwenye benchi waligeuka, wakautazama mguu.

Ndani palikuwa na viti viwili, na kimoja kilikuwa na mafaili. Binti alikaa, baba akasimama na kofia mkononi. Afisa alikuwa mtu wa makamo, si mkali wala si mpole, aliyekwisha kufunga majalada mengi ya aina hii.

"Mimi nasoma, wewe unasikiliza, mwisho unatia saini. Sawa, dada?" Akaanza kusoma upesi. "Gari dogo, rangi nyeupe, namba haikuonekana, dereva hakusimama..."

"Nani alisema nyeupe?"

Afisa alisita. "Wewe. Si ndiye mlalamikaji?"

"Mimi sikusema nyeupe, afande. Mimi nilikuwa wodini nimefungwa bandeji mpaka kiunoni. Nilisema rangi ya yai la bata."

"Ya nini?"

"Yai la bata. Ukijani ule wa mbali, unaokaribia samawati. Uzi wake ninao nyumbani. Nilimwambia Baba, yeye ndiye aliyekuja kuandikisha."

Wote wawili walimtazama Maziwa. Kofia ilizunguka mara moja mikononi mwake, ikatulia.

"Nilisema nyeupe," alisema. "Iko katika nyeupe. Kazini tunaziita nyeupe."

"Kazi gani hiyo, mzee?"

"Nauza magari. Yadi."

Afisa aliweka kalamu chini. "Mzee wangu, magari meupe tuliyasimamisha siku mbili, tukaacha. Tungelisimamisha mji mzima. Mimi mwenyewe ninalo jeupe. Shemeji yangu analo. Lakini hilo la bata hata mtoto mdogo angelionyesha kwa kidole. Yangekuwa mangapi hapa? Matatu? Manne?"

Hakuyasema hayo kwa hasira. Aliyasema kama mtu anayejua kwamba saa yake ya chakula imefika.

Binti hakupaza sauti. Alikuwa akiitazama meza.

"Baba, mimi ni fundi. Nikitaja rangi, nimetaja rangi."

"Najua."

"Hukujua."

Afisa alilifunika jalada pasipo kulifunga. "Leo hutii saini. Nawapa mpaka Ijumaa. Mkisikia lolote la gari hilo, njooni mniambie. Msiposikia, Ijumaa tunamaliza."

Katika teksi ya kurudi, baba alikaa mbele na binti akakaa nyuma, mguu wake umenyooshwa juu ya kiti. Dereva aliwasha redio, akazitazama nyuso zao kwenye kioo, akaizima.

*

Kesho yake, kabla ya kwenda kazini, Maziwa alipitia mtaa wa gereji. Fundi rangi aliyepaka magari yote ya yadi alikuwa amechuchumaa akikoroga kopo, kitambaa cha kuzuia mvuke kimeshushwa kidevuni.

"Maziwa! Leo hujaleta mgonjwa?"

"Leo nimeleta swali. Umewahi kupata gari dogo la rangi ya yai la bata, limebonyea mbele?"

Fundi alicheka. "Unanipima akili?"

"Nakuuliza."

"Si wewe uliyeniletea? Kwa mkono wako mwenyewe. Madigadi ya kulia imeingia ndani, taa imepasuka. Ukaniambia Tajiri anasema linyooshwe, lipigwe nyeupe nje na ndani, mpaka chini ya boneti. Nikakuambia, bwana we, rangi hii ni nzuri, iacheni. Ukasema haina jina."

Maziwa alisimama palepale. Alilikumbuka gari lile. Ilikuwa siku za mwanzo, binti yake bado yuko wodini, naye akitoka hospitalini asubuhi na kuingia kazini bila kubadili shati. Tajiri alikuwa amelinunua kwa bei ya kutupa kutoka kwa mtu mwenye haraka. Alipoliona, Maziwa aliona gari jeupe lililochakaa weupe wake, linalohitaji kurekebishwa. Alilitoa yadini, akaliendesha mwenyewe mpaka hapa gereji. Na njia nzima, kwenye kila taa na kila makutano, alikuwa akiinama juu ya usukani kuyakagua magari meupe yaliyompita, akitafuta lililobonyea.

"Nilikuwa ndani yake," alisema.

"Ndani ya nini?"

"Nilikuwa ndani yake, nikiyatazama mengine."

Fundi hakuelewa. Kisha akakumbuka habari za yule binti, ambazo mtaa mzima wa gereji ulizijua, akaliweka kopo chini taratibu.

"Maziwa, usiniambie."

"Ndilo."

"Kaa kwanza. Kaa hapa, nikuletee maji."

"Nachelewa kazini," Maziwa alisema, akaondoka.

*

Tajiri alimsikiliza mpaka mwisho. Alikuwa na desturi hiyo nzuri, ya kumsikiliza mtu mpaka mwisho kabla ya kumkatalia.

"Pole sana," alisema. "Pole kwa kweli. Lakini mimi nilinunua gari, sikununua kesi. Kadi inasema nyeupe. Nimenunua jeupe, nimeuza jeupe."

"Ninamtaka aliyekuuzia."

"Polisi wakiingia kwenye yadi hii, nani atanunua hapa? Watu wanapita na kuangalia, Maziwa. Wewe ndiye uliyenifundisha hivyo. Mteja ni kama ndege."

"Kwa hiyo nitakwenda kuwaambia wao waje wakuulize."

"Ukitoka mlango huo kwenda kituoni, usirudi."

"Haya."

"Una mgonjwa nyumbani, na unaacha kazi?"

Maziwa aliweka shada la funguo za yadi juu ya meza, akafika mlangoni, kisha akakumbuka kwamba ufunguo mmoja ulikuwa wa nyumbani kwake. Akarudi. Pete ya funguo ilikuwa ngumu na kucha zake hazikuwa na nguvu. Aliihangaikia kwa muda, Tajiri akiwa ametazama kando. Hatimaye Tajiri aliichukua, akaipanua kwa meno, akamchomolea ufunguo wake, akampa.

"Ahsante," Maziwa alisema.

Polisi walipokuja, Tajiri alilitaja jina la aliyemuuzia bila kusumbua. Huyo alikuwa mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mtu anayeheshimika. Aliitika wito akiwa amevaa vizuri, na kadi ya gari mkononi. Alisema kwamba gari lake aliligonga kwenye geti la nyumbani kwake, kwamba hajui lolote la msichana, na kwamba gari hilo lilikuwa jeupe tangu kiwandani. "Someni," alisema, akaigeuza kadi ili afisa aione. Kadi ilisema nyeupe.

"Basi limebaki gari lenyewe," afisa alimwambia Maziwa baadaye ukumbini. "Rangi ya chini ikionekana, na binti akaitambua, huyu ni mwongo mbele ya hakimu na bima yake italipa. Isipoonekana, tumechezea muda. Unajua lilipo?"

Maziwa alijua. Yeye mwenyewe alikuwa amemuuzia mkunga mmoja.

*

Mkunga alikuwa ndiyo kwanza ametoka zamu. Alifungua mlango akiwa bado na sare yake, viatu amevishika mkononi. Gari lilikuwa limeegeshwa uani, safi, limefunikwa kioo cha mbele kwa kipande cha boksi.

"Mzee wa yadi!" alisema kwa furaha. "Vipi, hela yangu ilipungua?" Kisha akamwona afisa nyuma yake, na furaha ikamtoka.

Afisa alimweleza habari yote kwa ufupi. Mkunga alisikiliza, akaviweka viatu chini, akavivaa, kana kwamba habari ile haikufaa kupokewa na mtu asiye na viatu.

"Mimi nilitaka ile ya buluu," alimwambia Maziwa. "Unakumbuka? Nilisimama pale mpaka ukaniletea kiti."

"Nakumbuka."

"Ukasema buluu ni ya vijana. Ukasema mtu mzima mwenye akili anachukua nyeupe. Nimejinyima miaka, mzee, nikaja nikanunua akili yako."

"Nakumbuka, mama."

"Basi vizuri kama unakumbuka."

Afisa alichomoa kisu kidogo, akampa Maziwa. "Wewe ndiye unayejua pa kukwaruza."

Maziwa alichuchumaa kando ya madigadi ya kulia. Aliipapasa kwa kiganja, akaipita sehemu iliyojazwa na fundi, akasimama ukingoni mwake, pale bati la zamani linapoanza. Akaanza. Nyeupe ilitoka kwa magamba madogo kama sabuni ya mche. Chini yake palikuwa na kijivu cha kushikilia rangi. Alikwaruza polepole, kwa uangalifu uleule ambao angeutumia kutengeneza, na mkunga akageuza uso kila kisu kilipolia. Kisha kijivu nacho kikaisha. Pakabaki mahali padogo, kiasi cha ukucha wa kidole gumba, na pale mahali hapakuwa peupe.

"Mwiteni," Maziwa alisema.

Binti aliteremka kwenye gari la polisi, akavuka ua kwa magongo yake. Ilimchukua muda, na wote watatu walingoja. Alifika, akainama kadiri alivyoweza, akaliweka shavu karibu na bati jinsi alivyokuwa akiinamia kitambaa dukani. Jua lilikuwa la mchana mweupe. Rangi ilionekana ilivyo.

"Ndiyo," alisema.

"Una uhakika? Usiseme ndiyo kwa kuwa unataka iwe ndiyo."

"Afande, ningekuwa nataka, ningelia. Ndiyo."

Afisa aliandika. Maziwa alikuwa bado amechuchumaa, na hakuonekana kujua namna ya kusimama. Binti alihamisha gongo moja kwapani, akamnyoshea mkono uliobaki huru.

"Simama, Baba. Utaumwa magoti."

Aliushika mkono ule, lakini alijiinua kwa nguvu zake mwenyewe, asimwelemee.

Mkunga aliingia ndani, akarudi na kiti, akamkalisha binti. Kisha, kwa mazoea ya kazi, akaupandisha upindo wa gauni na kuutazama mguu.

"Nani aliyeunga hivi?"

"Waliokuwepo."

"Wataufungua tena."

"Wamesema."

"Utauma."

"Hata sasa unauma, dada."

Afisa alikuwa amekwisha kupiga simu. Alisema gari la kuvuta liko njiani. Gari hili ni ushahidi na litakaa kituoni.

"Mpaka lini?" mkunga aliuliza.

"Mpaka mahakama iseme."

"Na mimi usiku nikiitwa kuzalisha?"

Afisa alifunga daftari lake, akalitia mfukoni. Swali lile halikuwa la ofisi yake.

Mkunga alikwenda kuchukua vitu vyake ndani ya gari: mwavuli, kandambili, mkoba wa kazi, chupa ya maji iliyokuwa nusu. Alivipanga barazani. Aliliondoa boksi kwenye kioo, akakosa pa kuliweka, akaliegemeza ukutani. Halafu akarudi, akasimama karibu na Maziwa, wakapatazama pale palipokwaruzwa.

"Likirudi," alisema, "hapa patapakika?"

Kwa miaka mingi Maziwa alikuwa ameulizwa maswali ya namna hiyo, na jibu lake lilikuwa likitoka kabla ya muulizaji kumaliza. Safari hii aliupapasa kwanza ukingo wa mkwaruzo kwa kidole.

"Patapakika, mama," alisema. "Lakini hapatalingana."